Gitaa la Rizimu na Glasi ya Maji

3 Machi

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu na yale maharagwe yako ya masikioni, vile vifaa vya kukusaidia kusikia, hayapatani kabisa. Mara ya mwisho tulipoongea nilisikia mluzi tu, na nilipokuuliza umekula nini ukanijibu, "Na wewe pia."

Mimi mzima. Bado nipo karakana ya matairi, na chumba nilichopanga kiko nyuma yake, kwa hiyo kazini nafika kabla sijaamka vizuri. Habari kubwa ni ya bendi. Tuko wanne, unawajua kwa majina ya utani: Nyundo kwenye ngoma, Kimya kwenye besi, Vidole anapiga solo na kuimba, na mimi Msumeno kwenye rizimu, gitaa linaloshika mapigo nyuma ya solo. Mwezi wa tano tumepata studio siku mbili, kurekodi nyimbo zetu nne. Roki nzito, ile ile iliyomfanya Mama ahamie kwa jirani kila jioni.

Sasa shida. Juzi baada ya mazoezi Vidole alinivuta pembeni. Alisema, "Ndugu yangu, gitaa lako ni tope. Tukienda studio na tope hilo, rizimu nitapiga mwenyewe, wewe utakuja kutushikia nyaya." Hakuwa anatania. Na ni tope kweli.

Nimenunua pedali za kubadilisha mlio hadi nimeona aibu. Ninayo ya distoshen, ile inayoukwaruza mlio mpaka ungurume. Ninayo ya ovadraivu, ambayo ni mdogo wake mpole. Kuna ya mwangwi, ya korasi inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, ikwalaiza ya kupandisha na kushusha sauti za chini, za kati na za juu, na nyingine tunaiita lango, inayofunga makelele ya umeme nikiacha kupiga. Zimejipanga sakafuni kama viatu mlangoni siku ya wageni. Kila moja peke yake ni nzuri. Nikiziwasha pamoja sijui nimechagua nini.

Ninachotafuta ni mlio niliokuwa nao kwako, pale chumba cha kulia, na ile amplifaya ndogo juu ya kigoda. Pedali niliyokuwa nayo wakati ule iliungua zamani na sikumbuki nilivyokuwa nimeiweka. Shahidi ni wewe tu. Wengine walikimbia, wewe ulikaa kwenye kiti chako, umefumba macho, unatikisa kichwa. Nimewaambia wenzangu mara nyingi kwamba nimewahi kuwa na msikilizaji mmoja na alinitosha.

Basi niambie, ulikuwaje? Mzito? Mkali? Umefundisha fizikia maisha yako yote, una maneno ya sauti ambayo mimi sina.

Mume wako,
Msumeno


11 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mume gani huyu, mkewe analalia shuka lenye kiraka naye ananunua vidude vya kukanyaga.

Mimi sijambo. Nimehamia chumba cha chini kwa sababu ngazi zimeanza kunidharau. Kifua kinabana kidogo, ni hali ya hewa tu. Mama yako ameniletea binti wa kunisaidia, mpole, ila anakunja taulo vibaya.

Kuhusu mlio wako. Naukumbuka vizuri sana. Chini ulikuwa mzito, kama lori lililosimama huku injini yake inanguruma, na juu uling'aa kama bati jipya. Katikati palikuwa patulivu, hapakuwa na fujo. Kwa hiyo shusha hizo sauti za kati, pandisha za chini na za juu, na hiyo distoshen usiionee huruma, ifungue. Kijana hapigi roki nzito kwa woga.

Usimwache Vidole akutishe. Wapiga solo wote wana maringo, hata kwenye kwaya ya shule waliokuwa wakiimba peke yao ndio waliochelewa mazoezi.

Bibi yako


2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nilifanya kama ulivyosema. Nilikata sauti za kati karibu zote, nikapandisha chini na juu, nikafungua distoshen hadi mwisho. Chumbani kwangu ilikuwa raha isiyosemeka. Ukuta ulitetemeka. Fundi mwenzangu alikuja kugonga mlango akiuliza kama mashine ya kujaza upepo imeharibika. Nikasema moyoni, Bibi huyu, hajasahau.

Tukaenda mazoezi. Nyundo akahesabu, tukaanza wote wanne, na mimi nikapotea. Nakwambia kweli, nilikuwa naona mkono wangu unapiga na sijisikii. Wimbo ulipokwisha Nyundo aliniangalia kwa upole akasema, "Msumeno, na wewe umekuja leo?" Hata Kimya alicheka, na Kimya huwa hacheki.

Vidole hakucheka. Amenipa mpaka tarehe ishirini. Siku hiyo tunapiga nyimbo zote, na kama bado sisikiki, rizimu ni yake. Sitafukuzwa, anasema. Nitakuwa "msaidizi". Bibi, mchana nabeba matairi ya watu. Sitaki na jioni nibebe nyaya za watu.

Najua kosa ni langu, kuna kitu nimekielewa vibaya. Tafadhali kumbuka tena. Kulikuwa na mwangwi? Au korasi kidogo? Nimefikiria kuongeza distoshen ya pili juu ya ile ya kwanza, Mama akinikopesha. Nijibu upesi. Nakuamini wewe kuliko masikio yangu.

Msumeno


9 Aprili

Mjukuu wangu,

Usinunue distoshen ya pili. Usinunue kitu chochote. Kaa chini usome barua hii mpaka mwisho, na ukinikasirikia, kasirika ukishamaliza.

Kwanza la afya, kwa sababu ndilo linalonifanya nisiahirishe la pili. Kifua changu hakibanwi na hali ya hewa. Moyo umechoka. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinichorea moyo huo kwenye karatasi na kunieleza kwa heshima kwamba hakuna cha kutengeneza, kuna cha kutunza tu. Sina hofu kubwa. Ila kuna mambo ambayo nisingependa kuondoka nayo, na moja ni lako.

Sijawahi kusikia mlio wa gitaa lako.

Jioni ya kwanza ulipowasha ile amplifaya nilikuwa nimevaa maharagwe yangu. Ulipopiga, nilihisi kama mtu anapitisha msasa ndani ya kichwa. Maharagwe ya siku hizo yalikuza kila kitu bila akili, na gitaa lako yalilikuza mpaka likawa maumivu. Nikayavua, nikayatia mfukoni mwa sweta. Wakati huo huo ukainua macho kuniangalia. Mama yako alikuwa ameshatoka. Baba yako alikuwa ametoka mwezi mmoja kabla, na hakurudi, na wewe mezani ulikuwa husemi tena, unakula na kuinuka. Sikutaka kuwa mtu mwingine anayeondoka chumbani. Kwa hiyo nilitikisa kichwa. Ukatabasamu. Kesho yake ukaniwekea kiti mwenyewe.

Na mimi kila jioni nikavua maharagwe kabla hujachomeka waya, nikakaa, nikakufuata kwa macho mguu wako ulivyokuwa unapiga sakafu, nikatikisa kichwa sawasawa na mguu. Miaka yote ile. Ulipouliza mwezi uliopita mlio ulikuwaje, ningeweza kusema ukweli kwa mstari mmoja. Badala yake nilikutungia lori na bati, kwa sababu uliandika kwamba msikilizaji mmoja alikutosha, na sikuwa na moyo wa kukunyang'anya. Sasa naona kwa kutunga nilikuwa nakunyang'anya kitu kikubwa zaidi. Nimekupa ushauri wa mtu asiyesikia, nawe umeufuata mpaka umepotea ndani ya bendi yako mwenyewe.

Hilo ndilo ungamo. Sasa nikwambie ninachokijua kweli, maana nilikaa pale na sikukaa bure.

Utakumbuka glasi yangu ya maji mezani. Ulidhani ni ya kunywea dawa. Niliiweka kwa sababu ya mazoea ya maabara: usiposikia, tazama. Ulipokuwa ukipiga huku kiganja kimelala kidogo juu ya nyuzi, maji yalitoa duara moja, yakatulia, yakatoa jingine, yakatulia. Nilipenda kule kutulia. Nilikuwa nakingoja kila kituo kama mtu anayengoja mwenzake ashushe pumzi. Lakini zilikuwepo siku ulizofurahi ukakizungusha kitufe cha mkwaruzo mpaka mwisho, na siku hizo maji yalitetemeka moja kwa moja, hayakupata nafasi ya kutulia hata kidogo. Siku hizo nilichoka mapema nikaenda kulala. Kwa hiyo kama unataka kujua cha kupunguza, sina sikio la kukwambia, ila maji yaliniambia.

La pili. Nilipopewa haya maharagwe mapya, mtaalamu wa masikio alinikalisha mbele ya kompyuta yake akawa anashusha na kupandisha sauti moja moja. Aliposhusha zile za kati nilimwona midomo inacheza, na maneno yake yamezama. Alipozirudisha, akarudi naye. Watu huishi katikati, alisema. Nilikuwa na habari hiyo kichwani, na bado nikakuandikia ukate katikati, kwa sababu nilikuwa natunga, sikuwa nafikiri. Kule chini tayari kuna Kimya na besi yake na Nyundo na ngoma yake kubwa. Juu kuna matoazi. Wewe uliondoka mahali pekee palipokuwa na kiti chako.

La tatu ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Ulikuwa unarudia kipande kimoja mara nyingi sana, na kila uliporudia, maduara ya maji yalikuwa yale yale. Nimesimamia majaribio ya wanafunzi tangu ujana wangu, na sijaona aliyerudia jaribio lake sawasawa vile. Mlio wako sikuusikia. Mkono wako naujua.

Jaribu na glasi. Iweke kwenye kigoda pembeni, si juu ya amplifaya. Maji na umeme havina urafiki.

Bibi yako, aliyekaa


26 Aprili

Mjukuu wangu,

Tarehe ishirini imepita na sijapata neno. Binti anatazama getini kila asubuhi, nami najifanya sijamtuma.

Sikuandikii ili unisamehe haraka. Ninachotaka kujua ni kama umeshika gitaa au umeshika nyaya. Andika neno moja tu, hata kwa hasira.

Bibi


16 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nimeshika gitaa.

Barua yako niliisoma karakana, nimesimama, mikono ina mafuta, ndiyo maana sasa ina alama za vidole kila ukurasa. Nikaitia mfukoni nikakasirika wiki nzima. Sikukasirika kwa lori na bati. Nilikasirika kwa kichwa kile kilichokuwa kinatikisika. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima juu yake, halafu naambiwa kiwanja si changu.

Mwisho nikamwambia Nyundo. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Yaani shabiki wako mmoja duniani alikuwa hasikii?" Nikamwambia anyamaze. Akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Lakini alikaa, bwana. Mamangu mimi alikuwa ananifungia ngoma stoo na ufunguo anaenda nao kazini." Akaendelea na chai yake kama vile hajasema kitu. Nikarudi chumbani nikajaza glasi.

Niliiweka kwenye kigoda, usiwe na wasiwasi. Nikawasha kila kitu kama nilivyokuwa nimeweka, nikapiga, na maji yakatetemeka mfululizo, vile vile ulivyoandika. Nikaanza kuondoa. Korasi ilitoka kwanza, ilikuwa inanipaka mafuta tu. Mwangwi ukafuata, kwenye solo ni mtamu, lakini kwenye rizimu ya haraka kila pigo linakanyagwa na kivuli cha pigo lililopita. Halafu nikaanza kushusha distoshen, nikashusha, nikashusha, mpaka nikaona afadhali niichomoe kabisa. Nikabaki na ovadraivu, ile mpole. Mkwaruzo wake nimeufunga karibu wote, sauti yake nimeifungua, ili isichafue mlio bali iisukume amplifaya ichafuke yenyewe kidogo. Lango likakaa mwanzoni, karibu na gitaa, linafunga mara tu kiganja kinaposhika nyuzi. Ikwalaiza nikaipandisha katikati. Nikapiga. Duara moja, maji yakatulia. Nilikaa nikiyaangalia kama mtoto.

Lakini, Bibi, ulikuwa mlio mbaya. Chumbani, peke yangu, ulikuwa mwembamba, kama mtu anayeongea kwa pua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye distoshen mara mbili. Nikauzuia. Nikasema, msikilizaji huyu angalau safari hii ameniambia alichokiona.

Tarehe ishirini tukapiga. Katikati ya wimbo wa kwanza Kimya aligeuka kuniangalia. Kimya huwa hageuki. Nikajua nasikika. Ubaya wote ule wa chumbani, besi ya Kimya iliufunika kwa chini na matoazi yakaufunika kwa juu, kikabaki kile cha kati, ambacho ni mimi. Vidole alisema, "Sawa. Ila studio tutaona."

Studio tukaona. Fundi wa pale alitueleza kwamba rizimu ya roki nzito hurekodiwa mara mbili, mtu anapiga wimbo mzima, halafu anaupiga tena upya, moja inawekwa kushoto na nyingine kulia. Zikifanana zinakuwa ukuta. Zisipofanana zinakuwa watu wawili wanaogombania mlango. Vidole akaomba aanze yeye. Ana kasi, huyo, namheshimu, lakini kila akirudia anapamba, hawezi kujizuia. Fundi akamsikilizisha. Vidole akavua gitaa mwenyewe, bila kuambiwa.

Nikaingia. Nikapiga ya kwanza, nikapiga ya pili. Fundi akainua kichwa akauliza, "Hii nimerekodi mpya au nimerudisha ile ya kwanza kwa makosa?" Nikamwambia ni mpya. Akazisikiliza tena pamoja, akacheka peke yake. Vidole akanyoosha mkono. "Haya, nipe nyaya nishike." Na akashika kweli, nyimbo zote nne.

Kuhusu moyo wako, Mama amenieleza zaidi kuliko wewe. Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao na nyimbo zote, na spika ya Nyundo. Kiti chako nitakuwekea mwenyewe.

Ombi moja tu, mke wangu. Safari hii usivue.

Msumeno


5 Juni

Mume wangu mdogo,

Umeondoka jana na bado nyumba inanguruma, au ni masikio yangu.

Nakuandikia kwa sababu jana sikuweza kusema, na niliona unaondoka na swali usoni. Ulikaa kwenye kigoda, umenikodolea macho nyimbo zote nne, na kichwa changu hakikutikisika hata mara moja. Mama yako alikuwa jikoni, mlango wazi, hakwenda kwa jirani. Wewe hilo hukuliona, ulikuwa unaniangalia mimi.

Hujui kwamba Ijumaa nilimwita yule mtaalamu wa masikio aje nyumbani. Nilimwambia nina mgeni wa maana. Akanifungulia mpangilio wa muziki, kwa sababu ule wa kawaida hudhani kila mngurumo ni kelele ya kufutwa, na ungekufuta wewe ukaniachia mwimbaji na ngoma. Akaniuliza ni muziki gani. Nilipomwambia, akapunguza kidogo upande wa juu.

Kwa hiyo nilivaa, na nilisikia. Kichwa hakikutikisika kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Ni vitu viwili tofauti, nami nimefanya kimoja tu muda mrefu mno.

Ulitokea kushoto na kulia kwa pamoja. Kile kituo nilichokuwa nakiona kwenye maji, pale unaposhika nyuzi na kila kitu kinatulia, nilikuwa sijajua kwamba kina sauti. Kina sauti. Kinafanana na mtu aliyesimama mlangoni akaamua kuingia.

Sasa, kwa kuwa ni mara ya kwanza nina haki ya kusema, nikwambie ukweli. Muziki wenyewe si wa aina yangu, na hautakuwa. Vidole anaimba kama mtu aliyebanwa na mlango. Wimbo wa kwanza ni mzuri. Wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza. Wa nne niliomba urudiwe na hukuuliza kwa nini, basi jua ni kwa sababu ya mwisho wake, pale mnapoacha wote na wewe unabaki na pigo moja. Wimbo wa tatu ni mrefu mno. Pale katikati mnazunguka zunguka kama watu waliopoteza ufunguo, na nadhani hata ninyi mnajua. Ufupisheni.

Umesema wa tatu bado haujakamilika, kwamba mtarudi studio mwezi wa nane. Vizuri. Daktari hatoi ahadi, nami siombi. Ila nimemtuma binti dukani akaniletee betri mpya za maharagwe. Aliniuliza pakiti moja inatosha? Nikamwambia alete mbili.

Mke wako,
Bibi